Vita Vimoja, Milango Miwili: Wathai na Wahmong Nchini Marekani

(Hotuba kwa wazazi wanaozungumza Kiswahili, St. Paul, Minnesota)

Wazee wangu, akina mama, akina baba, na ninyi vijana mliokaa nyuma, shikamooni kwa wanaostahili, na habari za jioni kwa wote. Najua wengine mmetoka kazini moja kwa moja na wengine mnaingia zamu ya usiku baada ya hapa, kwa hiyo nawashukuru kwa muda wenu.

Waandaaji waliniomba nizungumzie kipato cha familia zetu. Mimi ni mhasibu. Msimu wa kodi ukifika nakaa mezani na Wakenya, Watanzania, Wakongomani, Warundi, na ninaziona tofauti ambazo watu huzisema chinichini misibani na harusini. Husikika kwamba hawa wanapenda kazi, wale wanapenda msaada wa serikali. Maneno hayo yananiumiza, na ndiyo sababu nimekubali kusimama hapa. Ila sitaanza na sisi. Nitaanza na watu wawili kutoka Asia ya kusini-mashariki, Wathai na Wahmong, kwa sababu historia yao katika nchi hii imefika nusu karne, hesabu zao zimeandikwa, na kati yao kuna jambo linalotuhusu sana.

Wahmong mnawajua. Ndio wanaotuuzia pilipili, mchaichai na majani ya maboga pale Hmongtown, soko lao, na katika soko la wakulima mjini. Wathai mnawajua kwa migahawa yao. Wengi wetu tunawachanganya, na sishangai, maana Wahmong wengi hapa mjini wana vyeti vinavyosema wamezaliwa Thailand. Nitalirudia jambo hilo, lina uzito kuliko linavyoonekana.

Kwa ukubwa jamii hizi zinakaribiana. Sensa ya mwaka 2010 ilihesabu Wahmong 260,000 hivi na Wathai 237,000 hivi katika Marekani nzima, pamoja na wenye asili mchanganyiko. Lakini sensa iliyonifundisha zaidi ni ile ya mwaka 2000. Chukua familia zote za Kithai, uzipange kuanzia yenye kipato kidogo mpaka yenye kikubwa, halafu uiangalie ile ya katikati: ilikuwa ikiingiza dola 49,635 kwa mwaka. Ya katikati kwa Wahmong ilikuwa ikiingiza dola 32,384. Mtu akiishia hapo atasema Wahmong walipata theluthi mbili ya walichopata Wathai. Pengo lipo, lakini linavumilika. Mhasibu haishii hapo. Huuliza fedha hizo zinalisha vinywa vingapi. Kaya ya Kihmong ilikuwa na watu sita kwa wastani, na nusu ya Wahmong wote nchini walikuwa watoto wa miaka 16 au chini yake. Ukigawa mapato kwa kila kichwa, Mthai alibakiwa na dola 19,000 hivi kwa mwaka, na Mhmong 6,600. Ile theluthi mbili imekuwa theluthi moja. Waliokuwa chini ya mstari wa umaskini walikuwa asilimia 14.4 ya Wathai na asilimia 37.8 ya Wahmong. Na hao Wahmong walikuwa tayari wamepanda: mwaka 1990 zaidi ya asilimia 60 yao walikuwa chini ya mstari huo.

Sasa, kwa nini? Wapo waandishi waliojibu kwa neno utamaduni. Walisema Wathai ni watu wa biashara na Wahmong ni watu wa milimani wasioweza kuzoea maisha ya kisasa. Mimi jibu hilo silikubali hata kidogo, na ninaomba mnivumilie nieleze kwa nini.

Jamii zote mbili zililetwa hapa na vita vile vile, vita vya Marekani katika Indochina, yaani Vietnam, Laos na Kambodia. Ila kila moja ilikuwa upande wake wa vita hivyo. Ufalme wa Thailand ulikuwa mshirika, na Marekani ilijenga na kutumia viwanja vya ndege vya kijeshi nchini humo, Udorn, Korat, U-Tapao na vingine. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kulikuwa na wanajeshi wa Marekani karibu 50,000 katika ardhi ya Thailand. Ndege ziliruka kutoka huko kwenda kupiga mabomu Laos na Vietnam, na jioni askari walirudi wakiwa na mishahara mifukoni. Zikajengwa barabara na hoteli, ajira zikapatikana, na mapenzi pia. Wanawake wengi wa Kithai waliolewa na askari hao wakaja nao Marekani. Ndiyo maana mpaka leo kati ya Wathai wa Marekani wanawake ni takriban sita katika kila kumi. Seneta Tammy Duckworth wa Illinois alizaliwa Bangkok mwaka 1968, mama Mthai, baba Mmarekani aliyewahi kuwa mwanajeshi. Mke wa namna hiyo alikuwa na upweke wake katika miji ya kambi za jeshi, siudharau, lakini alishuka kwenye ndege akiwa na mume mwenye mshahara, bima ya matibabu na njia ya wazi ya kupata uraia.

Mlango mwingine wa Wathai ulifunguliwa na sheria ya uhamiaji ya mwaka 1965, iliyoondoa ubaguzi wa nchi ya asili uliokuwa ukiwazuia Waasia na kuwapa nafasi wenye taaluma. Wakaja madaktari, wakaja manesi kwa wingi, wakaja wanafunzi ambao baada ya kuhitimu walibaki. Angalieni vizuri nani huweza kupita mlango huo. Lazima uwe umesoma. Lazima uwe na pasipoti, nauli, mtu wa kukuandikia barua. Maskini wa Thailand, na walikuwepo mamilioni katika mashamba ya mpunga ya Isan, kaskazini-mashariki mwa nchi hiyo, hakupita hapo. Tunaposema Wathai wa Marekani wanaendelea vizuri tunamzungumzia mtu aliyekwisha chujwa kabla hajapanda ndege.

Wahmong walikuwa ng'ambo ya mto Mekong, milimani Laos, wakilima mpunga wa vilimani, mahindi na afyuni. Mwaka 1961 shirika la ujasusi la Marekani, CIA, lilianza kuwapa silaha chini ya kamanda wao Vang Pao ili wapigane na wakomunisti katika vita ambavyo raia wa Marekani wenyewe walifichwa. Walikufa kwa makumi ya maelfu. Watu wazima walipopungua, wavulana wadogo walipewa bunduki. Mashamba yaliachwa, na kwa miaka mingi chakula cha vijiji vizima kilikuwa mchele unaoangushwa na ndege. Fikirieni maana yake kiuchumi. Kabla mtu hajawa mkimbizi, tayari vita vimemwondoa shambani, kazi pekee aliyokuwa nayo, na shule hakuwahi kujengewa. Hata maandishi ya lugha yao kwa herufi za Kilatini yalitungwa miaka ya 1950 tu, na wamisionari.

Mei 1975 Marekani ilimwondoa Vang Pao kwa ndege kutoka Long Tieng, kambi yake ya kijeshi huko Laos, pamoja na watu wapatao 2,500. Maelfu walioachwa uwanjani walishika njia ya miguu kuelekea Mekong. Waliovuka wakiwa hai waliwekwa kambini Thailand, hasa Ban Vinai, kambi iliyokuja kuwa na watu zaidi ya 40,000 na kudumu hadi 1992. Mliopitia Nyarugusu ya Tanzania au Nakivale ya Uganda sihitaji kuwaeleza kambi ni nini: foleni ya mgao, kibali cha kutoka, usaili, kusubiri jina ubaoni. Watoto walizaliwa humo, wakaitwa wazaliwa wa Thailand, lakini uraia wa Thailand hawakupewa. Na siku ya kuondoka walitia saini deni la tiketi ya ndege, walilipe wakishafika. Nesi wa Kithai alianza maisha Marekani akiwa na cheti. Mhmong alianza akiwa na deni.

Kisha ikaja sehemu ambayo kwangu mimi ndiyo kiini, na huzungumzwa kidogo mno. Serikali iliwatawanya Wahmong makusudi, familia hapa, familia kule, chini ya wadhamini wa makanisa, ili wasiwe mzigo kwa mji mmoja. Ilivunja kitu pekee cha thamani walichokuja nacho, yaani ukoo. Kwa Wahmong ukoo ndio hukopesha, ndio huzika, ndio hulea yatima. Basi wakaanza kusafiri wenyewe kutafutana, wakakusanyika hapa St. Paul, Wisconsin, na katika bonde la Fresno na Merced huko California ambako walisikia kuna ardhi ya kulima. Sheria ya wakimbizi ya mwaka 1980 iliahidi msaada wa fedha kwa miezi 36. Mwaka 1982 ukakatwa hadi miezi 18, na baadaye hadi 8. Mtu asiyejua kusoma kwa lugha yoyote anapewa miezi 18 ajifunze Kiingereza, apate ufundi na alishe watoto wanane.

Msaada wa kawaida wa familia zenye watoto ulikuwa na kanuni nyingine: mkuu wa kaya akifanya kazi saa 100 au zaidi kwa mwezi, familia inapoteza msaada, na pamoja nao mara nyingi ilipoteza matibabu. Nifanye hesabu mbele yenu. Kuanzia 1981 mpaka 1990 kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu kilikuwa dola 3.35 kwa saa. Baba akipata kazi ya wiki nzima, saa 40, kwa wiki nne anapata dola 536 kabla ya kodi, kwa watu kumi, bila bima. Asipofanya kazi, watoto wana chakula na daktari. Baba yeyote mwenye akili hapa ndani angechagua nini? Halafu huyohuyo akaandikwa kwamba hana moyo wa kazi. Mtu aliyebeba majeruhi mgongoni milimani kwa ajili ya jeshi la nchi hii! Mwaka 1996 sheria mpya ya misaada ikawabana hata wazee kwa kuwa hawakuwa raia, na hawakuwa raia kwa kuwa mtihani wa uraia ni wa Kiingereza. Ilichukua mpaka mwaka 2000 Bunge la Marekani kupitisha sheria ya kuwaruhusu waliopigana Laos na wake zao kufanya mtihani kwa mkalimani.

Nisiwapake Wathai rangi ya raha tupu, nitakuwa nimesema uongo. Agosti 1995, huko El Monte nje kidogo ya Los Angeles, maofisa waliingia katika jengo la nyumba za kupanga lililozungushiwa waya wa miba na kuwakuta Wathai 72, wengi wao wanawake, wakishona nguo chini ya ulinzi mchana na usiku. Wengine walikuwa wamefungiwa humo miaka saba. Nguo hizo ziliuzwa katika maduka makubwa. Kampuni za nguo zilikuja kulipa zaidi ya dola milioni nne baada ya kesi iliyoongozwa na mwanasheria kijana aitwaye Julie Su, na mkasa ule ulichangia kuzaliwa kwa viza maalumu ya waliosafirishwa kitumwa, mwaka 2000. Wathai wale 72 na nesi wa Kithai wa hospitali ya Chicago wako katika safu moja ya takwimu. Zaidi ya hapo, mwaka 2000 karibu asilimia 39 ya Wathai watu wazima walikuwa na shahada, wakati Wamarekani wote kwa jumla walikuwa asilimia 24. Lakini familia ya Kithai iliingiza chini kidogo ya familia ya kawaida ya Marekani, na umaskini wao ulikuwa juu kidogo. Yaani shahada zipo, mshahara wa shahada haupo. Wakenya wenzangu mnaoosha wazee huku shahada ya ualimu iko kabatini, hilo mnalielewa bila mkalimani.

Lakini Wathai walikuwa na kitu ambacho Wahmong hawana mpaka kesho: nchi. Kuna ubalozi, kuna benki, kuna serikali inayofaidika wao wakifaulu. Mwaka 2002 serikali ya Thailand ilizindua mpango wa kuongeza idadi ya migahawa ya Kithai duniani, ikasaidia mikopo, mafunzo ya wapishi na upatikanaji wa viungo. Kwa hiyo mgahawa mnaouona kona ya barabara, pamoja na jasho la mwenyewe, una mkono wa serikali nyuma yake. Los Angeles ilitangaza rasmi mtaa wa Thai Town mwaka 1999. Na Mthai mambo yakimshinda, hupanda ndege akarudi kwao. Mhmong arudi wapi? Hana nchi inayoitwa kwa jina lake.

Pamoja na hayo, tazameni walichojenga. Walichukua kilimo, ule ujuzi ambao kila ofisa aliuona hauna thamani mjini, wakakodi vipande vya ardhi pembezoni mwa mji huu na kulijaza soko la wakulima la St. Paul, bila wao soko lile lingekuwa nusu. Mwaka 2011 wakaanzisha chama chao cha wakulima, kinachotumia shamba la ekari 155 kusini mwa hapa. Fresno wanalima mchaichai na maharage marefu. Wausau, Wisconsin, wapo katika kilimo cha jinsengi, mzizi wa dawa. Mwaka 2004 Hmongtown ilifunguliwa katika eneo lililokuwa la kuuzia mbao, mwaka 2010 ikafuata Hmong Village, na vibanda vile vimekuwa shule ya biashara kwa akina mama ambao benki isingewapa hata dakika tano. Koo zikachangishana kwa nyumba kama zilivyochangishana kwa mazishi. Kufikia mwaka 2000, miaka 25 tu tangu wavuke Mekong, karibu kaya mbili kati ya tano za Kihmong nchini zilikuwa katika nyumba zao wenyewe. Mwaka 2002 Mee Moua aliingia seneti ya jimbo hili. Mwaka 2025 mji huu tulioketi ulimchagua Kaohly Her, aliyezaliwa Laos na kuletwa hapa akiwa mtoto mdogo, kuwa meya.

Hata hivyo, meya hamlipii jirani yake kodi ya nyumba. Mwaka 2015 zaidi ya robo ya Wahmong walikuwa bado maskini, na miaka michache baadaye wakashuka chini ya asilimia 20. Mwendo ni mzuri, lakini hesabu ya pamoja ya Waasia ingewafuta kabisa. Kwa miaka mingi mwalimu aliambiwa wanafunzi wa Kiasia wanafaulu, basi mtoto wa Kihmong aliyeshindwa kusoma hakupewa msaada kwa kuwa karatasi ilisema ni Mwasia. Ni mpaka mwaka 2016 Minnesota ilipopitisha sheria ya kutenganisha takwimu za wanafunzi kwa jamii zao, baada ya jamii kama ya Wahmong kuidai. Na hapa narudi kwenye vile vyeti: ukihesabu watu wa Minnesota kwa mahali walipozaliwa, utapata wazaliwa wa Thailand wengi, na sehemu kubwa yao ni watoto wa kambini. Mtafiti asiye makini atawaandika Wathai maskini wa Minnesota, na watu hao hawapo.

Ndugu zangu, sasa niseme ya kwetu. Katika ukumbi huu tuko watu wa lugha moja tulioingilia milango tofauti. Bahati nasibu ya viza, iliyowaleta wengi kutoka Kenya na Tanzania, ilimtaka mtu awe amemaliza sekondari au awe na uzoefu wa kazi ya ujuzi. Viza ya mwanafunzi inataka akaunti ya benki. Viza ya nesi inataka leseni. Kwa hiyo Mkenya uliyefanikiwa, jasho lako nalijua, nimeliona kwenye karatasi zako za mishahara, mbili na wakati mwingine tatu. Lakini ulichujwa kabla hujafika. Mama wa Fizi, mashariki mwa Kongo, aliyekaa Nyarugusu miaka 18 hakuletwa kwa sababu ya cheti. Aliletwa kwa sababu alikuwa hatarini. Amelea watoto sita mahali ambapo kutoka kwenda kufanya kibarua kulihitaji kibali. Anaanza na deni la tiketi. Kumlinganisha nawe katika mwaka wake wa tatu au wa tano na kusema mwenzetu hajitumi ni kurudia, kwa Kiswahili, yale waliyoandikiwa Wahmong.

Ninachoomba ni vitu vya kufanyika. Manesi na wasaidizi wa manesi mliomo humu, na mko wengi, kila mmoja amshike mkono mtu mmoja aliyetoka kambini mpaka amalize kozi ya kuhudumia wagonjwa. Fomu ya kujiunga na kozi hiyo ni ya kurasa chache lakini kwa asiyejua Kiingereza ni ukuta. Vikundi vyenu vya kuchangiana visifungwe kwa kabila wala kwa nchi. Wenye uchungu na shamba, na Wakongomani wengi mnao, nendeni mkazungumze na wakulima wa Kihmong jinsi walivyopata ardhi, maana wao walifika hapo kwa kuuliza na kukataliwa miaka mingi.

Na jambo la mwisho ni la karatasi, samahani, ndiyo kazi yangu. Mtoto wa Kikongomani aliyezaliwa Nyarugusu anahesabiwa mzaliwa wa Tanzania, na mapato ya wazazi wake yanaingia kapu moja na ya daktari wa Kihaya wa Rochester. Fomu za sensa na zile za shule zina nafasi ya kuandika asili. Mwaka 2020 wengi wetu tuliweka alama kwenye kisanduku cha Weusi tukaacha mstari wa chini yake mtupu. Mezani pale nyuma nimeweka nakala za fomu hizo, na nitakaa nazo mpaka ukumbi ufungwe. Anayehitaji kusaidiwa kujaza aje.